Koti la Gitaa

Jumatatu, 3 Juni

Nimeaibishwa. Nimeaibishwa nyumbani kwangu, kwenye kochi langu, na fundi viatu!

Jana wakwe walikuja kufahamiana nasi. Binti yangu anaolewa na kijana wa fundi viatu, yule mwenye kibanda mkabala na karakana yangu ya ushonaji. Kijana sina neno naye. Ni huyo baba yake. Baada ya kula akatoa gitaa lake, kuukuu, limezibwa ubavuni kwa kipande cha soli, akaimba wimbo mmoja mfupi tu. Mke wangu akalia. Mwanamke huyu nimemshonea magauni miaka ishirini na sita na hajawahi kulia, isipokuwa kwa lile la zambarau, na yale hayakuwa machozi ya furaha.

Watu wakapiga makofi. Nikasimama. Nikatangaza mbele ya wakwe wote kwamba siku ya harusi, Jumamosi ya tarehe 15, nitaingia ukumbini mbele ya binti yangu nikipiga gitaa kwa mikono yangu mwenyewe.

Mke wangu akaniuliza kwa sauti ya chini napiga gitaa tangu lini. Nikamwambia tangu kesho.

Jumanne, 4 Juni

Nimenunua! Muuza gitaa alinionyesha moja jepesi, la mbao za kawaida, akasema wanaoanza wengi huanza na hilo. Nikamuuliza lipi analipangusa vumbi kila siku. Akaonyesha moja lililofungiwa kabatini, ndani ya kioo. Nikasema basi ni hilo. Akauliza nimepiga gitaa kwa muda gani. Nikajibu siku kumi na moja, kuanzia leo kwenda mbele. Akanitazama sana, kisha akaenda kutafuta ufunguo wa kabati.

Bei siiandiki. Shajara hii ina kufuli, lakini mke wangu ana pini za nywele. Niseme tu kwamba ile mashine mpya ya kutarizi niliyokuwa naiwekea akiba itasubiri.

Hoja yangu ni hii. Anayeanza ndiye hasa anayehitaji kifaa ghali. Bingwa apewe chochote, atapiga. Fundi viatu anapiga sanduku lenye soli! Mimi sijui kitu, kwa hiyo gitaa lazima lijue kwa niaba yangu. Nimeipima hoja hii pande zote, haina mshono uliolegea hata mmoja.

Binti yangu alipita jioni kuulizia gauni lake. Ninalishona mimi. Alikataa la kukodi, alikataa la dukani, na amewaambia rafiki zake wote kwamba hakuna mkono utakaoligusa ila wa baba yake. Ombi lake ni moja: mikono mirefu mpaka kwenye vifundo, kwa ajili ya kovu la pasi lililo mkono wa kushoto. Kovu lenyewe ni la karakanani kwangu. Alikuwa na miaka minne. Mimi nilikuwa juu ya paa, kwa sababu ulikuwa mwaka wa mpango wa njiwa. Njiwa wa gharama, lakini hawakurudi.

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, gauni limebakiza mikono na pindo tu.

Alhamisi, 6 Juni

Vidole! Hakuna aliyeniambia kuhusu vidole! Nyuzi za gitaa hili zinakata. Gitaa la bei ile, nilidhani lingekuwa na nyuzi laini. Nimekaza mkao wa kwanza wa vidole, wa kitabu nilichopewa dukani, kwa dakika nne nikaona nyota mchana kweupe.

Saa sita nikapata wazo. Mimi fundi cherehani, ninazo subana, vile vikofia vya chuma tunavyovaa kidoleni sindano isituchome. Ninazo nane. Nikavaa nne mkono wa kushoto. Maumivu kwisha kabisa! Sijui kwa nini wapiga gitaa duniani kote hawajawahi kufikiria jambo hili. Labda hawana akili ya ufundi.

Kinyozi wa chumba cha pili akachungulia dirishani akauliza kama siku hizi natengeneza na sufuria. Nikamfungia dirisha.

Ijumaa, 7 Juni

Fundi viatu amekuja. Amekuja na lile sanduku lake! Akasema, kwa upole wa kuudhi, kwamba ananiazima. Akasema mtu huanza na gitaa la kawaida, vidole vikikubali na moyo ukikubali ndipo anafikiria la maana, na kwamba atakuwa anapita asubuhi tukae wote nusu saa kabla hajafungua kibanda. Kisha akaona langu. Akajifuta mikono kwenye aproni mara mbili kabla ya kuligusa, na akaligusa kwa kidole kimoja tu.

Kijicho hicho! Nimekijua palepale. Nikamshukuru, nikamwambia anayepigilia visigino misumari hawezi kunifundisha mambo ya nyuzi, kwa maana uzi ndiyo kazi yangu tangu nikiwa kijana. Akacheka. Akaenda zake na soli yake.

Lakini jicho lake limenipa wazo. Gitaa la hadhi hii haliwezi kukaa uchi. Mchana wote nimelishonea koti. Satini nyeupe, bitana ya pamba, vifungo sita, na mfuko mdogo kwa nje wa kuwekea kile kiplastiki cha kuchunia nyuzi. Kitambaa nilikikuta mezani, kipande kirefu, na kilikuwa kimeshatiwa shanga ukingoni, yaani kazi ya siku mbili imeshafanyika. Leo bahati iko upande wangu.

Mazoezi: hapana. Koti limekula siku.

Jumapili, 9 Juni

Uzi mmoja ulikuwa unatoa sauti ya kulegea. Cherehani ikilegeza mshono, unakaza. Nikakaza. Ukaendelea kulegea. Nikakaza tena. PAA! Ukanichapa shavuni na kuangusha kikombe cha chai.

Sikurudi dukani, sitaki muuza gitaa aanze kujenga mawazo. Nimetia uzi wa nailoni, ule wa kufungia vifungo vya makoti mazito. Haujakatika hata mara moja. Pia hausikiki, lakini hilo ni dogo.

Jumatatu, 10 Juni

Mke wangu ameuliza swali. Nikiwa mbele napiga gitaa, nani atamshika binti yetu mkono kumwingiza ukumbini?

Nikamweleza kwamba mkono unaweza kushikwa na yeyote, hata mjomba wake, lakini muziki unahitaji mwenyewe. Akaanza kukunja nguo ambazo zilikuwa zimeshakunjwa. Baadaye akasema binti hakuomba muziki. Akasema pia neno moja kuhusu njiwa, ambalo siliandiki.

Hata hivyo nimepiga hatua. Wimbo una mikao mitatu ya vidole. Ninao mmoja. Nao ndio unaoanza wimbo, kwa hiyo angalau nitaanza vizuri.

Jumatano, 12 Juni

Ole wangu. Gauni lina mkono mmoja.

Nimelitoa kabatini leo kuunganisha mikono. Wa kulia upo, na shanga zake ukingoni. Wa kushoto haupo. Wa kushoto! Nimepekua rafu, kapu la vipande, chini ya cherehani, ndani ya cherehani. Nimemhoji kinyozi. Nimeshuku panya. Kwa dakika chache, sitaficha, nilimshuku fundi viatu, kwamba ananihujumu nisipate muda wa mazoezi. Nikavuka barabara nikachungulia kibandani kwake. Alikuwa anashona viatu vya binti yangu vya harusi. Anaweka soli laini kwa ndani kwa sababu binti aliwahi kumwambia kwamba kusimama muda mrefu humwumiza unyayo. Mimi sikujua kwamba humwumiza.

Nimepiga simu duka la vitambaa. Satini ile imekwisha, mzigo mwingine mwezi ujao.

Binti alipiga simu kuuliza gauni linaendeleaje. Nikamwambia vizuri sana. Roho iliniuma. Siku tatu zimebaki, na mwanangu atasimama mbele ya ukumbi mzima na kovu lake wazi, kovu ambalo nilimpa mimi.

Alhamisi, 13 Juni

Nimeupata.

Niliketi asubuhi nipige gitaa kidogo kutuliza mawazo. Nikafungua vifungo sita. Nikawa natazama koti. Shanga ukingoni. Shanga zilezile. Urefu wa bega hadi kifundo, hasa.

Gitaa limevaa mkono wa binti yangu.

Nilikaa pale mpaka chai ikapoa. Nilijiambia maneno mengi na yote yalikuwa ya kweli. Kisha nikachukua wembe nikaanza kufumua. Kufumua satini si mchezo, tundu la sindano halizibiki. Kila mshono niliokuwa nimeupiga kwa mbwembwe nikautoa kwa kuomba radhi. Gitaa nimeliegemeza kona, uchi. Sikuligusa siku nzima.

Ijumaa, 14 Juni

Mkono umeingia! Matundu ya vifungo nimeyafunika kwa shanga za ziada. Nimenyoosha kwa pasi ya moto mdogo, na safari hii sikuondoa macho kwenye pasi hata kidogo. Binti amelivaa akajitazama kwenye kioo. Alipitisha kiganja juu ya mkono wa kushoto, taratibu, kuanzia begani mpaka chini. Kisha akanikumbatia na chaki yangu yote.

Mfuko mdogo nimesahau kuufumua. Nimeukumbuka sasa hivi, gauni limeshaondoka.

Na wimbo? Mkao mmoja na nusu. Nikiuzungusha kwa kujiamini, hakuna atakayejua.

Jumapili, 16 Juni

Naandika yote.

Ukumbi ulijaa. Mimi mlangoni, suti mpya, gitaa shingoni, subana nne zimeng'arishwa. Nyuma yangu binti, na mjomba wake, ambaye alikuwa bado anatafuta kifungo cha shati. Nikapiga hatua mbili mbele. Nikashusha mkono.

Sijui niuelezeje mlio ule. Mtoto mmoja mstari wa mbele aliziba masikio. Nikapiga tena, kwa nguvu zaidi, nikidhani tatizo ni nguvu. Subana ya kidole cha pete ikachomoka, ikaruka juu ya wakwe, ikatua kwenye keki. Nilimwona kinyozi ameshika kitambaa mdomoni, mabega yakimcheza. Nilitamani ardhi inimeze, mimi na gitaa, lakini kwanza mimi.

Ndipo binti yangu akamwacha mjomba wake, akaja mpaka nilipo. Akaingiza vidole viwili kwenye mkono wa kushoto wa gauni akatoa kile kiplastiki cha kuchunia nyuzi. Akaninong'oneza kwamba amekuta mfuko. Nikamwambia ndiyo mtindo mpya. Akacheka mpaka machozi yakamlenga. Kisha akasema hataki wimbo kutoka kwangu, anataka mkono.

Nikalivua gitaa. Fundi viatu alikuwa ameshasogea, hakunicheka, akalipokea kwa mikono miwili. Akautoa ule uzi wa nailoni, akazirekebisha nyuzi tano zilizobaki, akaanza kupiga. Jamani! Sikujua kwamba sauti ile ilikuwemo ndani yake muda wote, kona ya karakana yangu. Mke wangu alilia. Mimi nililia. Nilimtembeza mwanangu ukumbi mzima huku nimeshika ule mkono wa satini, na hapakuwa na mtu aliyeona kovu, wala matundu ya vifungo.

Sijawahi kufurahi hivyo maishani.

Jumatatu, 17 Juni

Asubuhi fundi viatu amelirudisha gitaa, amelipangusa na amelitia uzi mpya. Akaacha na lile sanduku lake lenye soli. Akasema nianze polepole na hilo, bila subana, na kwamba hana haraka, sasa sisi ni ndugu. Mke wangu akasema hayo ndiyo maneno ya busara ya kwanza kusikika karakanani humu tangu mwaka uanze. Nikawashukuru wote wawili kwa moyo mkunjufu.

Walipoondoka nikatafakari. Mtu mzima lazima ajifunze kutokana na makosa yake.

Kosa si bei. Ukumbi mzima ulisikia gitaa lile linavyolia likishikwa vizuri, kwa hiyo kwenye kununua nilikuwa sahihi tangu mwanzo. Kosa ni nyuzi. Nyuzi sita kwa mtu anayeanza ni nyingi mno! Fidla ina nyuzi nne. Tena hupigwa kwa fimbo, yaani mkono wa kulia hauumii kabisa.

Nimeshapita dukani. Muuza gitaa ana fidla za wanaoanza, akanionyesha moja. Nikamuuliza ipi anaipangusa kila siku. Ameuchukua ufunguo bila kuniuliza chochote. Atalipokea gitaa, mimi nitaongezea kidogo. Naichukua kesho.

Haina koti. Lakini fidla ni ndogo, haihitaji kitambaa kingi. Hapa mezani pana mahameli ya bluu, nzuri ajabu, ya gauni la mama kiongozi wa kwaya, analotaka Jumapili. Ameagiza mikono mirefu. Mikono mirefu, kwa joto hili! Atanishukuru.