Kutwaliwa kwa Ukoko wa Bibi Mwiko

Keti ulipo, wewe uliyeshiba. Na wewe mwenye njaa sogea mbele, maana habari hii inakuhusu zaidi. Wengine wameandika juu ya wafalme waliovuka milima na majeshi yao. Hapa itasimuliwa habari ya fundi wa lifti aliyevuka mitaa mitatu, saa ya chakula cha mchana, akiwa na shemeji yake.

Fundi huyu, Mpanda Maghorofa, Mkombozi wa Waliokwama, aliujua mji kwa tumbo. Kila jengo lenye lifti lina watu, na penye watu hapakosi wa kuwapikia; hivyo alikuwa ameonja chini ya kila ngazi na nyuma ya kila ua, akachagua mahali patatu tu pa kupaita pake. Kwingine kote, alisema, ni kujaza tumbo.

Shemeji yake, mume wa mdogo wake, alikuwa mkaguzi wa mizani, mtu mwenye kiganja kisichodanganyika na ulimi usiopumzika. Serikali ilimpa achague kati ya vituo viwili vya kazi, mji huu na mwingine wa mbali, na jibu lilitakiwa siku ile ile. Asubuhi mkewe alikuwa amempigia fundi simu.

"Kaka, mlishe," alisema. "Mimi nataka kurudi nikae karibu na mama, lakini namjua mume wangu, anaamua kwa tumbo. Akila vibaya leo, mama nitakuwa namwona mara moja kwa mwaka."

"Niachie mimi," alijibu Mkombozi wa Waliokwama, akajifunga mkanda wa vifaa kama wengine wajifungavyo upanga.

Ngome ya kwanza ilikuwa kibanda cha supu nyuma ya posta. Walikuta masufuria yamefunikwa na benchi limeegemezwa ukutani.

"Mwenyewe kaenda kung'oa jino," alisema muuza viatu wa jirani.

"Mpishi mwenye meno mabovu," alitamka shemeji. "Ndio mwanzo huo?"

"Kazi yake kupika, shemeji. Kutafuna utatafuna mwenyewe."

Ngome ya pili ilikuwa ya samaki wa kukaanga, kando ya sinema ya zamani. Samaki aliletwa, mkavu nje, laini ndani, na fundi akaanza kupumua. Lakini mkaguzi hakumtia kinywani. Alimlaza kiganjani, akafumba macho, na wateja wote wakaacha kula wamtazame.

"Ubaoni mmeandika nusu kilo," alitoa hukumu. "Huyu hafiki, hata ukimhesabu na kichwa."

"Alifika kabla ya mafuta," alijibu muuza samaki, mwanamke mwenye mikono ya mwashi. "Hata wewe nikikukaanga utapungua."

Mkaguzi alianza kumsomea sheria, naye mwanamke akainua upawa. Majeshi yetu yalirudi nyuma kwa nidhamu, bila samaki.

Ikabaki ngome ya tatu, ukumbi wa Bibi Mwiko, chini kabisa ya jengo refu kuliko yote, mahali ambapo kuta hutoka jasho kwa mvuke wa wali. Mama huyo mwembamba alikuwa na sheria moja. Wali ukiisha sufuriani hubaki ukoko, mkavu, wa rangi ya asali, naye humpa mtu mmoja tu amtakaye. Anayeuomba haupati. Fundi alikuwa mteja tangu lifti ya jengo lile ilipowekwa, na ukoko alikuwa ameuona tu ukimpita kwenda kwa wengine.

"Shemeji, kula, sifu au nyamaza," alinong'ona. "Ila habari za ile sufuria usiulize."

"Kwani ina nini?"

"Usiulize tu."

Walikula wali na maharage. "Si mbaya," alisema shemeji, na fundi akahisi moyo unashuka kama lifti iliyokatika kamba. Ndipo Bibi Mwiko alipozamisha mwiko wa chuma na kukwangua. Harufu ikapanda. Mkaguzi akasimama.

"Mama, na huo ukoko ni wa nani? Mimi naomba kipande."

Vijiko vyote vilisimama njiani.

"Nimepika hapa wewe hujaota ndevu," alinena Bibi Mwiko bila kugeuka. "Mameneja wameuomba, nikawapa maji ya kunawa. Mume wangu aliuomba, akalala na hamu yake. Wewe ni nani?"

"Mkaguzi wa mizani."

"Basi kapime njaa yako."

Fundi alimwona mdogo wake akipakia mizigo kwenda mbali. Angesema nini? Neno lolote lingekuwa ombi. Akakusanya sahani zote mbili, akazipeleka kwenye beseni, akageuka kuondoka.

"Fundi."

"Naam, bibi."

"Mgeni wako amekutia aibu na bado umenyamaza. Lete sahani."

Enyi mnaosikiliza, lipimeni jambo hili kwa uzito wake. Ukoko ulikuwa mikononi mwake, wote, bado wa moto. Aliutazama kama mtu anavyotazama nyumba anayoiuza. Kisha akauweka mbele ya shemeji.

"Na wewe je?" aliuliza shemeji.

"Nimeshiba," alijibu fundi, na huo ndio uongo pekee aliosema siku ile.

"Cha kwako ni cha kwako," alisema Bibi Mwiko, "hata ukimpa mlafi."

Shemeji alivunja kipande, mlio ukasikika hadi mlangoni. Hakukipima. Alikula mpaka chembe ya mwisho, akakaa kimya kwa mara ya kwanza tangu ateremke kwenye basi.

"Shemeji," alisema hatimaye, "nyumba za kupanga mtaa huu zinapatikana?"

Jioni simu ililia.

"Kaka, amekubali! Umemlisha nini?"

"Ukoko."

"Wali ulioungua? Mimi nikiuunguza ananinunia wiki nzima."

Basi na vizazi vijavyo vijue kwamba palikuwa na fundi wa lifti, chini ya jengo refu kuliko yote, aliyeushika ukoko mkononi akautoa bila kuuonja, na tangu siku hiyo mama yake hutembelewa na binti yake kila Jumapili.