Jinsi Fundi Cherehani Alivyolishinda Tairi la Nyuma

Sogeeni, enyi wapanda pikipiki, na ninyi waenda kwa miguu msijitenge. Vuteni viti mnipe masikio, niwape habari za Fundi Cherehani, Bwana wa Pindo, Mkata Vitambaa Asiyekosea, na siku aliyotoka kwenda kupambana na tairi la nyuma. Mola anijalie pumzi tu, maana habari ni nzito na kifua changu chembamba.

Zilikuwa zimebaki siku mbili yeye na mkewe waende kumwona mjukuu wao wa kwanza, mwendo wa kutwa nzima juu ya lami. Shujaa alikuwa ameapa kumpakia mama watoto kwenye pikipiki kama enzi za uchumba wao. Lakini mama watoto alikuwa na tiketi ya basi mkobani, wala hakuificha.

"Baba watoto," akanena, amesimama uani na futi ya mumewe mkononi, "wewe huwezi kulala suruali ya mteja ikipungua nusu sentimita. Hebu njoo usome hapa."

Akaichomeka futi katika mfereji wa tairi. Milimita moja, tena kwa kuhurumiwa. Miaka mitano ya kwenda sokoni na kurudi kwa njia iliyonyooka ilikuwa imelila tairi katikati, likawa bapa kama uso wa pasi.

"Pembeni bado zima," akajitetea shujaa.

"Haya, panda wewe na pembeni yako. Mimi nitapanda basi."

Aliumia. Miaka kumi na moja mkewe hakuwa amekaa nyuma yake, na kiti kile kilikuwa kimezoea mafurushi ya vitambaa.

Akashika njia bila kuaga, akaivamia ngome ya vipuri. Na tazama, dirishani lilining'inia tairi la kutisha, lenye meno makubwa kama ngumi, na shujaa akalipenda papo hapo. Akajiona akiingia uani kwa wakwe wa bintiye, vumbi likitimka nyuma yake, ingawa huko kote ni lami.

"Hilo lina nguvu, mzee wangu," akasema dada muuzaji. "Linakwea hata ukuta."

Mkono ukanyooka kulitwaa. Ila fundi ni fundi: hajapata kununua kitambaa pasipo kukigeuza. Akaligeuza tairi, akalifuta ubavuni kwa kidole chenye mate, zikatokea tarakimu nne, wiki na mwaka wa kutengenezwa kwake. Lilikuwa na miaka tisa. Jua la dirishani lilikuwa limelikausha, likafanya nyufa nyembamba kama uzi.

"Binti yangu, hili lilikuwa hapa kabla wewe hujaajiriwa."

"Lakini meno yake mazima, mzee."

"Mazima, ila ni ya kwenye matope. Mimi nina kutwa nzima ya lami, na mtu wa kumpakia. Nipe la safari ndefu: katikati gumu lisiliwe upesi, pembeni laini linishikie kona, na liwe la mwaka huu."

Akaletewa. Lilikuwa tairi la kawaida mno, lina sura ya karani mstaafu. Shujaa akalitazama lile la meno mara ya mwisho, roho ikamsononeka kweli kweli, kisha akatamka maneno mawili yaliyomaliza vita: "Funga hili."

Asubuhi ya safari mkewe akainama na futi. Milimita saba. Akapima tena, maana si mtu wa kuamini haraka. Akaitoa tiketi ya basi, akaikunja mara nne, akaingia ndani kuichomeka chini ya mguu wa cherehani uliokuwa ukiyumba tangu mwaka juzi. Kisha akapanda, akamshika mumewe kiunoni kwa mikono miwili.

"Twende polepole," akasema. "Tairi jipya linateleza mwanzoni."

Mumewe akawasha pikipiki, akaondoka polepole kama alivyoagizwa.

Enyi waandika tarehe, iandikeni siku hiyo kwa wino usiofutika: kwamba tairi la nyuma lilishindwa, kiti cha nyuma kikapata mwenyewe, na cherehani ile haijayumba tena hadi leo.