Betri za Saa ya Ukutani

Mtaa wa Mowlem,
Nairobi.
Septemba 1999.

Kwa Shemeji Willis Owino,
Manchester.

KUH: MALALAMIKO JUU YA KAMERA ULIYOITUMA BILA BETRI

Nakusalimu kwa heshima zote anazostahili kaka wa mke wangu. Natumaini baridi ya huko haijakuzidi nguvu, kwa sababu nataka uisome barua hii ukiwa mzima na ukiwa umeketi. Kwa ufupi, umeniharibia harusi ya dada yangu Nthoki, na hata pilau hukuja kula.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Ulipotutumia ile kamera ya kisasa isiyotumia filamu, uliandika kwamba inataka betri nne za kuchaji. Hukuandika ni za namna gani. Ni kweli kwamba ndani ya katoni kulikuwa na kitabu cha maelezo, na ni kweli kwamba dada yako Norah alikisoma chote, akanionya, "Baba Ndete, hapa wanasema tutafute zile zenye nguvu nyingi. Hizi ndogo ndogo kamera inazimaliza mara moja." Lakini mimi ni karani wa reli, nimesoma mafaili tangu ujana wangu. Nikamjibu kwamba betri ni betri. Ungeandika neno moja tu, shemeji, ningekusikiliza, kwa vile wewe uko ng'ambo.

2. Nilikwenda Barabara ya Luthuli. Muuzaji, Bwana Abdiqadir, alinitandazia aina mbili juu ya kaunta akaniuliza kwa adabu, "Mzee, ni za kufanyia kazi gani?" Nilihofia kwamba nikitaja kamera ataniona tajiri. Nikasema, "Saa ya ukutani." Alishangaa kidogo kusikia saa inayotaka betri nne za kuchaji, lakini akanipa zile nyepesi, zenye nguvu ndogo, na kunihakikishia kwamba saa yangu haitasimama. Sina neno naye. Alinitendea haki kulingana na uongo niliompa. Lakini ni nani aliyeniweka katika hali ya kumdanganya mfanyabiashara mwaminifu? Ni wewe.

3. Stima ilikuwa ikipotea kila jioni, na betri hazikujaa. Nikazipanga juu ya bati zipate jua, kama mama alivyokuwa akifanya na mawe ya redio. Norah alinitazama kutoka mlangoni bila kusema kitu. Unajua dada yako anavyotazama akiwa hasemi. Hayo nayo ni maumivu, na wewe ndiwe uliyeyaleta.

4. Sasa harusi yenyewe. Nilikuwa nimeishawishi kamati isimwite Tobias, mpiga picha wa hapa mtaani, kwa kuwa mambo ya filamu yamepitwa na wakati. Kabla ya ibada niliiwasha kamera nikawaonyesha wazee sura zao kwenye kile kioo kidogo cha nyuma, mmoja baada ya mwingine, hadi kila mzee akaridhika. Nthoki alipoingia kanisani nikabonyeza. Kamera ikatoa pua yake nje, ikairudisha ndani, ikanyamaza. Kijana mmoja wa kwaya akaninong'oneza, "Buda, mashine imezima?" Nikamwambia inafikiria.

Nikazitoa betri, nikazisugua kwenye suruali, kisha nikazibana kwapani chini ya koti zipate joto. Kivuva, bwana harusi, alikula kiapo nikiwa nimezibana hivyo hivyo. Watu walipopiga makofi, mimi sikuweza.

Nje ya kanisa Nthoki alimsimamisha Susu Mwongeli, nyanya yetu kutoka Mbooni, ambaye maishani mwake hajapigwa picha isipokuwa ya kitambulisho. Alikuwa amekubali kwa shida sana. Nikapiga magoti mbele ya watu wote, nikazipulizia betri kama mtu anayewasha kuni mbichi, nikazirudisha. Susu akacheka. Nikabonyeza. Kamera ikalia kidogo, ikafa kabisa.

Nthoki hakunigombeza. Alishika gauni lake, akasogea kando, akamwambia Norah, "Mimi nilitaka ya Susu tu." Afadhali angenigombeza. Tobias aliitwa mbio akaja na filamu zake, lakini kufikia hapo Susu alikuwa amekaza uso kama mtu anayengoja kuchanjwa, na ndivyo alivyo katika picha zake zote.

5. Kwa hiyo naomba uwaandikie Nthoki na Susu kuwataka radhi. Pili, uje mwenyewe uichukue kamera yako. Ukija, uje na betri za kweli, ili harusi irudiwe. Mchungaji nimeshamdokezea. Hakukataa. Alinishika bega akaniuliza kama siku hizi ninapata usingizi.

Norah anakusalimu, ingawa amekataa kutia sahihi kwenye barua hii. Mpwa wako Ndete anauliza habari za theluji. Mama na Kivuva wanakusalimu, na hata Tobias, ambaye sasa hawezi kunijulia hali bila kucheka.

Ni mimi, shemeji yako mwenye uchungu,

Wathome Nzomo.

Nyongeza: Kabla sijaifunga bahasha, Norah aliipeleka kamera mtaa wa Fedha kwa rafiki yake Clare, anayefanya kazi ya kompyuta. Amerudi na picha moja, imechapwa kwenye karatasi. Ni Susu, amecheka hadi macho yamefumba, mkono wake uko begani mwa Nthoki. Robo ya picha ni kidole. Nthoki amekuja, ameitazama kwa muda mrefu, kisha ameitia kwenye mkoba wake bila kuniomba. Basi, shemeji, hayo ya namba moja hadi tano yaache, usome salamu peke yake. Kamera haitoki hapa. Susu, ambaye bado yuko kwetu, ameuliza kidole hicho ni cha nani. Nimemwambia ni chako, kwa kuwa kamera ni yako.