Kanisa la Rangwi, Msalaba Hadi Msingi

Jumatano, 2 Julai 1969
Nimepata njia ya kumwoa Jenoveva! Baba yake, mzee tunayemwita Mghosi Tobia, alikuwa mwashi. Kanisa kubwa la Rangwi alilijenga kwa mikono yake, yeye na wenzake ambao sasa wote wako makaburini. Macho yake yameingia mtoto wa jicho. Haoni kitu mpaka kigusane na pua. Leo amesema, mbele yangu na mbele ya yule Kristofa bwana shamba, kwamba kabla giza halijamfunika anataka kuliona kanisa lake lote, msalaba hadi msingi. Habari za posa hakuzitaja, lakini mimi si mtoto. Kristofa ana pikipiki. Mimi nina kamera! Jenoveva akasema baba apelekwe tu huko. Huyu mambo ya picha hayajui.

Alhamisi, 3 Julai
Rangwi ni mbali na milima haina huruma. Kanisa ni kanisa. Nimepiga letu sisi Walutheri, hapa hapa jirani, na Selemani wa studio akasafisha picha kabla ya jioni. Nikampelekea mghosi, shikamoo mara mbili. Akaisogeza puani. Kisha akauliza ni lini yeye aliweka jogoo juu ya mnara. Jogoo! Napita chini yake kila Jumapili tangu nibatizwe, sijawahi kumwona. Nikajitetea kwamba ni ndege tu, ametua. Jenoveva alicheka mpaka akatua ndoo.

Jumamosi, 5 Julai
Siku ya shamba la kijiji. Nilimwambia balozi wa nyumba kumi naumwa tumbo, nikatoroka kwa njia ya juu, kamera ndani ya kikapu, kabichi juu yake. Nani nakutana naye mtoni? Balozi! Akanipa pole ya tumbo, akanirudisha shambani, akanipa mtaro mzima niuchimbe peke yangu. Mikono imechubuka. Kristofa akapita na pikipiki, akanipungia. Huyu mtu hana kazi?

Jumapili, 6 Julai
Rangwi kwa miguu. Nimefika, na ukungu umefika kabla yangu. Kengele naisikia, kanisa silioni. Mama aliyenipa mahali pa kulala akaniambia nitulie, ukungu wa Julai huondoka wenyewe saa nne asubuhi. Nitulie vipi na Kristofa yuko huru? Nimepiga picha saba za ukungu. Huenda ndani yake kuna kitu.

Jumatatu, 7 Julai, Sabasaba
Tangu alfajiri niko mteremko wa pili, ng'ambo ya bonde, nakanyagakanyaga kwa baridi. Saa nne ukungu ukapasuka. Lo! Kanisa lote, mawe yamelowa umande, msalaba uko juu ya dunia. Kwa dakika moja nilimsahau hata Jenoveva.

Halafu nikaona pikipiki imeegeshwa pembeni. Kristofa! Na mzee mmoja kaukumbatia ukuta, kanipa mgongo, anapapasa mawe, katikati kabisa ya picha yangu. Nikamfokea kwa sauti yangu yote atoke, anaziba kanisa. Shikamoo? Bonde zima liko kati yetu na ukungu unarudi! Hakutoka. Nikapiga hivyo hivyo, nikakimbia kabla Kristofa hajaniona.

Jumatano, 9 Julai
Picha imetoka safi, msalaba hadi msingi. Ila yule mzee! Selemani anasema mzee ndiye uzuri wa picha. Ndiyo maana Selemani hatajirika. Nimemkwangua mzee kwa wembe, taratibu, na mahali pake nimechora mawe mawili kwa penseli. Hakuna binadamu atakayegundua.

Alhamisi, 10 Julai
Nimegunduliwa.

Mghosi aliifuata picha kwa pua, jiwe kwa jiwe, akinitajia nani alichonga lipi. Akafika kwenye mawe yangu. Akauliza ni mwashi gani mjinga aliyepanga kiungo juu ya kiungo. Ukuta wa hivyo hupasuka mvua ya kwanza. Kisha akasema, polepole, kwamba Jumatatu alikuwa hapo hapo. Kristofa alimpeleka. Alikuwa ameweka shavu kwenye jiwe la kwanza alilochonga maishani, akasikia mtu anamfokea kama anafukuza mbuzi. Macho yamekwisha, Sefania, akasema, masikio bado.

Jenoveva hakucheka. Aliuliza baba yake yuko wapi kwenye picha. Niliona aibu. Akaondoka moja kwa moja kwenda kwa Selemani, amtolee nyingine kutoka kwenye mkanda. Jioni mshenga wa Kristofa amepokelewa.

Jumapili, 20 Julai
Picha mpya imetundikwa kwao, mghosi yumo, kakumbatia ukuta wake. Leo ameniita. Nilikwenda kwa woga. Kumbe amenisamehe! Anasema bila mimi asingejiona pale. Anataka nipige picha ya harusi ya Jenoveva, Rangwi, mlangoni, maharusi na kanisa lote nyuma yao.

Nimefikiri njia nzima ya kurudi. Nitamsimamisha Kristofa pembeni kidogo, peke yake, mbele ya ukuta mtupu. Nimeshanunua wembe mpya. Na safari hii viungo vya mawe nitavipishanisha.