Bunduki Zisizotaka Mafuta

Mwezi ule Uweso wa Makorora, mjini Tanga, alikuwa akiuza vikaango visivyogandisha chakula, navyo vilikuwa vimeanza kugandisha. Wanawake wawili wa mtaani walikuwa wakimtafuta, kila mmoja na kikaango chake mkononi, kwa hiyo alihamishia kahawa yake ya asubuhi Ngamiani, ambako sura yake ilikuwa bado na heshima. Huko ndiko alikomsikia Alexander akilalamika.

Alexander alikuwa na kampuni ya ulinzi: walinzi ishirini na wawili, bunduki kumi na mbili, na mkono mgumu kama birika. Alikuwa akimweleza muuza kahawa kwamba upepo wa chumvi unammaliza. Bunduki hazipiti wiki bila kutu. Zikipakwa mafuta, mafuta yanakamata mchanga. Kila Jumamosi walinzi wanashinda asubuhi nzima wakisugua vyuma, na fundi wake wa silaha kila siku anadai chupa nyingine.

"Na zisipohitaji mafuta?" aliuliza Uweso, kama mtu anayeuliza saa.

Alexander akamgeukia. "Bunduki gani hiyo?"

"Yoyote, mzee wangu. Wenzetu huko nje mafuta wameshayaacha. Chuma kinapakwa rangi ya utelezi mara moja, basi. Masizi hayashiki, mchanga haushiki, kutu inapita njia na kwenda zake. Mimi ndiye wakala wa pwani hii, kutoka Horohoro mpaka Pangani."

Uwakala huo ulikuwa na umri wa dakika moja na nusu, lakini ulizaliwa na afya njema.

Usidhani Uweso alikuwa mwongo mtupu. Mwongo mtupu hamalizi mwaka mjini. Uongo ni kama andazi, bila hamira ya ukweli hauumuki, na Uweso alijua pa kuinunua hamira. Kesho yake alinunua kikopo cha dawa ya kupulizia minyororo ya baiskeli, dawa nzuri kabisa, ikikauka chuma kinateleza. Akaenda nacho kwenye ua wa kampuni.

Bunduki mbili zilikuwa zimetoka kwenye uwanja wa shabaha. Kabla hazijapelekwa, Uweso alikuwa amepulizia dawa bolti ya moja, kile chuma kinachokwenda mbele na nyuma kuingiza risasi. Sasa alitwaa kipande cha kanga, akafuta mara moja. Masizi yakatoka yote. Bolti ya pili aliisugua mpaka jasho likamtoka, na bado ilibaki nyeusi.

"Mmeona wenyewe," alisema. "Mimi sina la kuongeza." Kisha akaongeza kwa robo saa.

Pembeni, juu ya kigoda, alikaa fundi wa silaha. Bi Mwanamkasi alikuwa na miaka sitini na mmoja, na ishirini na minane kati ya hiyo aliimaliza akitengeneza bunduki za askari wa wanyamapori.

"Kufutika inafutika, sikatai," alisema. "Mpako mzuri upo, nao unapunguza kazi ya kusafisha. Lakini bosi, kufutika ni jambo moja na kulia ni jambo jingine. Bunduki hukwama kwa springi iliyochoka, kwa chemba ya risasi isiyosafishwa, kwa risasi iliyolowa. Rangi haiirudishii springi ujana wake. Na hata iliyopakwa bado inataka kitambaa na tone la mafuta."

"Umesema inafutika?" aliuliza Alexander.

"Nimesema."

"Basi."

Bahili husikia nusu ya sentensi, ile isiyo na gharama. Siku ileile Alexander aliagiza bunduki zote kumi na mbili zipakwe, akatoa nusu ya malipo, akapiga marufuku mafuta, na kumwambia Bi Mwanamkasi kwamba mwisho wa mwezi angeweza kwenda kupumzika. Mlinzi mmoja, Godlisten, aliyelinda ofisi ya kulipia mishahara kwenye shamba la mkonge, aliitazama bunduki yake kwa muda mrefu. Wezi walikuwa wamekwisha kumjia mara moja.

Kazi yenyewe Uweso hakuifanya kwa dawa ya baiskeli, maana kikopo kilikuwa kidogo na gharama ni gharama. Alinunua rangi nyeusi ya kupakia majiko. Alipaka siku mbili, Bi Mwanamkasi akimkabidhi vyuma kimoja kimoja, na Godlisten akiwaletea chai. Alasiri ya siku ya pili, wakiwa peke yao, yule mama aliirudisha bolti moja mahali pake na kuisukuma. Ikaenda nusu ya safari, ikagoma.

"Mwanangu," alisema, "hii ni rangi ya jiko."

Uweso akautazama mlango. Ulikuwa mbali.

"Kaa. Magoti yangu hayataki mbio. Nafukuzwa mwisho wa mwezi baada ya miaka sita, unadhani namwonea nani uchungu humu? Nami nataka kula."

Uweso akashusha pumzi. Hakuna lugha aliyoifahamu vizuri kuliko hiyo.

Bi Mwanamkasi akamweleza kwamba alipostaafu aliondoka na sanduku la makopo arobaini, mpako wenyewe wa Kijerumani, si tope hili. Tatizo ni kwamba mama mtu mzima akichuuza vitu vya bunduki huulizwa maswali. Lakini yuko bwana mmoja Ushongo, anaitwa Shehe, mwenye wageni wawindaji, anayeutafuta mpako huo kama dawa. Akampa namba. Uweso akapiga palepale. Sauti nzito, iliyochoshwa na utajiri, ikasema itachukua makopo yote kwa mara tatu ya bei ya dukani, Jumanne, yaletwe Ushongo.

"Nipe sanduku, mama, nitakuletea fungu lako," alisema Uweso, ambaye hakukusudia kuleta fungu la mtu.

"Mwanangu, nimeishi na risasi. Kitu kikishatoka hakirudi. Lipa kwanza."

Alhamisi, nyumbani kwake Makorora, Bi Mwanamkasi alimwonyesha sanduku. Uweso hakuwa mjinga. Alifungua kopo la juu, akapaka mpako wake kwenye chuma, akakipitisha chuma juu ya chuma. Kikateleza kama mlenda. Akatoa pesa zote alizopewa na Alexander, na juu yake akiba yake ya vikaango.

Jumanne alivuka kivuko cha Pangani, akapakia sanduku kwenye bodaboda, akafika Ushongo akiuliza nyumba ya Shehe. Akaambiwa wako watatu. Mmoja anasomesha watoto Kurani, wa pili anauza pweza, na wa tatu ana miaka miwili. Hakuna anayewinda. Simu ya ile sauti nzito haikupatikana. Uweso akafungua kopo la pili, la tano, la kumi. Mtu aliyekuwa akitengeneza injini ya boti alichovya kidole na kunusa.

"Grisi," alisema. "Lakini nzuri. Unauzaje?"

Uweso akakaa juu ya sanduku. Hapo simu yake ikaita. Alexander. Akaiacha ikaita mara saba. Kisha ukaja ujumbe: *Njoo ofisini haraka. Ni kuhusu bunduki. Watu wanakusubiri.*

Watu. Uweso alijua watu wa namna gani husubiri ofisini. Bunduki imekwama, alijiambia, na mtu ameumia. Alimkumbuka Godlisten na birika la chai, na kwa mara ya kwanza katika kazi yake aliogopa kwa ajili ya mtu mwingine. Hilo halikumzuia kuuza grisi kwa nauli. Alirudi Pangani, akashika gari la Muheza, akatupa laini ya simu dirishani, na Tanga hajaikanyaga tena.

Laiti angepokea simu. Bi Mwanamkasi, kwa pesa zile, alikuwa amenunua springi mpya, brashi na mafuta, na kumlipa ndugu yake, mpishi wa pilau za harusi, aliyempanga mapema aigize ile sauti nzito ya Shehe. Alikwangua rangi ya jiko kila mahali chuma kinapokutana na chuma, akaiacha nje tu, bosi aione. Jumatatu, siku ya mishahara, wezi wanne wenye mapanga waliivamia ofisi ya shamba. Godlisten alifyatua hewani mara mbili, bunduki ikalia mara mbili, nao wakaacha pikipiki na kukimbilia mikongeni. Alexander aliitazama ile bunduki nyeusi inayong'aa na kuutangazia mji mzima sifa za ile rangi. Waliomsubiri Uweso ofisini walikuwa wenye kampuni nyingine wanne, kila mmoja na malipo yake mkononi.

"Wakala ametoweka," Alexander alimwambia Bi Mwanamkasi kwa masikitiko. "Wewe unaweza kuitunza hii rangi?"

"Naweza," alisema Bi Mwanamkasi. "Ila ina masharti. Kila Jumamosi inataka brashi, kitambaa, na tone la dawa yake maalumu."

"Si mafuta?"

"Si mafuta hata kidogo, bosi."

Alexander akakubali kununua dawa, na yule mama akabaki kazini. Jumamosi ya kwanza bosi alisimama nyuma yake akaivuta harufu.

"Mbona inanuka kama mafuta?"

"Wajerumani hao, bosi," alisema Bi Mwanamkasi bila kuinua macho. "Vitu vyao vyote vinanuka hivyo."