Kaveke na Nzi wa Macho ya Chai

Sogezeni viti, enyi watu wa Thika na Ruiru! Njoni ninyi wa Gatongora mliokwisha kufunga maduka, nanyi wa Witeithie ambao sijawahi kuwaona mkifunga. Zimeni simu, tulizeni watoto, na mwenye kikohozi akohoe sasa hivi amalize. Naja kuwasimulia tendo ambalo wafalme hawakulitenda wala majemadari hawakuliota: jinsi Kaveke binti Mwangangi, Mpishi wa Mamilioni, Mwenye Mikono Isiyochoka, alivyomkamata nzi mmoja. Mmoja tu. Anayetaka kucheka acheke mapema, maana mimi nikishaanza sipendi kukatizwa.

Mwaniuliza mimi ni nani? Mimi ni Philip Kitonga, mwandishi wa kumbukumbu wa Kongamano la Kila Mwaka la Watafiti wa Jenetiki ya Nzi wa Matunda. Ndiyo, lipo! Kila mwezi wa saba, baridi inapowabana watu hata wakavaa sweta juu ya sweta, hukusanyika mashujaa arobaini na watatu wenye miwani na mikoba, wakazungumza siku mbili mfululizo juu ya yule mdudu mdogo anayezunguka ndizi zenu jikoni. Ninyi mwampiga kwa kitambaa. Wao wawajua babu zake na mababu wa babu zake. Katika mwili wake ule usiozidi punje ya mtama wasoma jinsi mtoto anavyorithi jicho, bawa na hata ugonjwa, na siri nyingine huwa ni zetu sisi binadamu pia. Mke wangu hajaniamini hadi leo, na tumeoana miaka kumi na tisa.

Mwaka huo, ambao ni wa kumi na mbili tangu kongamano kuasisiwa, majeshi yalipiga kambi katika hoteli moja huko Kamakis, mahali ambapo moshi wa nyama choma humfikia mtu hata akiwa katikati ya mhadhara. Sasa shikeni sheria moja, maana kisa chote kimesimama juu yake. Mtu akigundua nzi wa namna mpya hana ruhusa ya kumnena kwa picha wala kwa michoro. Sharti amlete akiwa hai, amweke chini ya hadubini, na wajumbe wapite mmoja mmoja wamtazame. Hapo ndipo mgunduzi hupewa haki ya kumtungia jina, na jina lake mwenyewe likaandikwa katika Kitabu cha Kongamano. Asiye na nzi hai huketi chini, hata awe nani. Maprofesa wameketishwa, na mmoja nilimwona kwa macho yangu akilia.

Naye Kaveke hakuwa profesa. Alikuwa fundi wa maabara kule Thika, mzaliwa wa mashariki ya mji huo, na kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akiwapikia nzi, wakiwemo wale walioletwa kongamanoni kila mwaka, uji wao wa unga wa mahindi, sukari na hamira, akiosha vichupa vyao, akiwahamisha kila Jumanne na Ijumaa saa nne asubuhi kutoka chupa chafu hadi chupa safi. Siku moja, katika chupa ambayo wakubwa walikuwa wameamuru itupwe, akaona kati ya mamia ya nzi wenye macho mekundu mmoja mwenye macho ya rangi ya chai ya maziwa. Wakubwa wakasema huyo ni mgonjwa tu. Kaveke hakubishana nao. Akamtenga, akamtafutia mwenzi, akalea ukoo ule vizazi thelathini, bila kuambiwa na mtu na bila kuongezewa hata kijiko cha sukari.

Kisha wiki moja kabla ya kongamano umeme ukapotea siku tatu. Baridi ya Julai ikaingia maabarani usiku na mchana, na chupa zote za ukoo ule zikafa, isipokuwa moja yenye nzi saba. Saba! Kaveke akawatia katika kichupa cha safari, kisicho na uji bali karatasi iliyoloweshwa maji ya sukari, akakiziba kwa pamba, akakiweka kifuani chini ya sweta mbili, akashuka nacho kwa matatu kutoka Thika hadi Kamakis, kisha akaingia hotelini akitembea kwa hatua fupi fupi kama mtu aliyebeba mayai. Zamu yake ya kunena ilikuwa saa tano kamili. Tangu kongamano lianze, hakuna fundi aliyewahi kusimama pale mbele.

Hebu nipumue kidogo, maana nimefika penye machungu.

Ilikuwa Ijumaa, chai ya saa nne. Meza imesheheni mandazi, ndizi, maembe, na mananasi ya Thika yaliyokatwa na kupangwa, na juu yake nzi wa mtaa, ambao hawakuwa wamealikwa, wakirukaruka kwa furaha yao. Kaveke alikuwa amesimama pembeni akijisomea hotuba kimoyomoyo. Mbele yake kichupa chenye uji safi, tayari kuwalisha nzi wake wapate nguvu kabla ya kupelekwa mbele ya watu. Kando ya kichupa hicho, jamani, kimo kile kile, mdomo ule ule, kikopo cha hoteli cha vijiti vya meno.

Saa ikagonga nne. Ijumaa, saa nne! Mikono ya Kaveke haikumngoja Kaveke. Mikono ile iliyofanya kazi ile ile maelfu ya mara bila kutazamwa ikachomoa pamba, ikapindua kichupa cha safari, ikagonga tap, tap, ikaziba upesi. Nzi wote saba wakawa ndani ya kikopo cha vijiti vya meno. Na kikopo hicho, aliyekitengeneza Mungu amsamehe, kilikuwa kimetobolewa maua maua ubavuni kwa urembo.

Wakatoka kupitia maua. Sita wakaangukia katika jagi la maji ya nanasi na kuzama mbele ya macho yetu. Wa saba, jike mwenye tumbo lililojaa mayai, ambaye ndani yake ukoo mzima ulikuwa umebakia, akapaa na kujichanganya na nzi wa mtaa.

"Nimekwisha," akasema Kaveke, na uso wake ukawa wa majivu. "Kitonga, nimewamwaga kwa mikono yangu mwenyewe."

Nami niseme nini? Nilikuwa na andazi mdomoni.

Kabla hatujalia, mlango wa jikoni ukafunguliwa, akatokea Mama Warigia, Malkia wa Sufuria, Mwangamizi wa Mende, aliyetawala jiko lile miaka ishirini bila kushindwa. Mkononi alishika kopo la dawa ya kupuliza.

"Ngai fafa!" akanguruma. "Hawa nzi wametoka wapi? Mimi hotelini mwangu nzi haingii! Wakaguzi wa afya wanakuja saa sita, mnataka nifungiwe jiko? Haya, tokeni nyote nje na vitabu vyenu. Napuliza."

Kaveke akajitupa kati ya kopo na mananasi, mikono ameitanua.

"Mama," akasema, "nakuomba, usipulize! Kati ya hawa nzi kuna mmoja ambaye hana ndugu duniani. Nimemlea yeye na mama yake na nyanya yake, vizazi thelathini. Nimemfunika kwa sweta yangu wakati mimi mwenyewe nikitetemeka. Ukipuliza utaua nzi mia wa bure na mmoja ambaye hatapatikana tena. Nipe muda tu!"

Mama Warigia akamtazama kutoka viatu hadi kitambaa cha kichwa. Aliona, nadhani, mikono iliyobabuka kwa kuosha vyombo, kama yake.

"Wewe ndio unawapikia hawa wadudu?"

"Ndiyo, Mama. Miaka kumi na mmoja."

"Na hawa wakubwa, wao hufanya nini?"

"Wao huwahesabu."

"Aaa!" akasema Mama Warigia, kana kwamba ameelezwa jambo analolijua tangu zamani. "Sikiza basi. Saa tano kengele ikilia, napuliza, na sitamwangalia mtu usoni. Sasa tafuta mtoto wako."

Hapo wanazuoni wakafanya kile wanachokifanya vizuri kuliko watu wote, yaani wakaanza kujadiliana. Daktari Nzuki wa idara ya mabawa akasema tutege kwa siki ndani ya chupa, mtego usioshindwa, unaonasa kila kitu kwa saa sita. Tulikuwa na dakika arobaini. Mwingine akataka kura ipigwe. Ndipo akasimama mwenyekiti wetu, Profesa Ndegwa, Mwenye Masharubu Mapana, Sauti Isiyo na Breki, maji ya tonge la mwisho la nanasi yakiwa bado yanamtiririka, akaanza kuhutubia.

"Waungwana na mabibi! Tangu binadamu wa kwanza alipoona nzi wa kwanza juu ya tunda la kwanza..."

Nikajua dakika ishirini zimekwenda.

Lakini Kaveke hakuwa akisikiliza. Alikuwa amesimama, amefumba macho, na nilipomkaribia nilimsikia akinong'ona, "Nzi hukimbilia mwanga. Nzi wote hukimbilia mwanga." Akafumbua macho ghafla. "Isipokuwa wangu! Wangu haoni vizuri. Hayo macho ya chai hayashiki mwanga. Kitonga, zima taa!"

Nikazima taa. Akavuta mapazia yote, moja baada ya jingine, akaacha wazi dirisha moja tu la upande wa barabara. Ukumbi ukawa giza, na dirisha lile likang'aa peke yake. Basi ile halaiki ya nzi wa mtaa ikainuka kutoka juu ya maembe na ndizi, ikafululiza kwenye kioo, na wanazuoni arobaini na wawili wakaifuata mbio, miwani mbele, wakisukumana kwa viwiko wapate kumtambua mwenye macho ya chai. Hata mimi nilikimbia.

Kaveke peke yake akalipa dirisha kisogo. Akatazama gizani, mahali ambapo hakuna mtu aliyekuwa akitazama, akiwa na kichupa chake mkononi. Akatazama meza, viti, ukuta. Mwisho akamtazama Profesa Ndegwa, ambaye hakuwa ameona haja ya kuacha kuhutubia kwa sababu tu hakuna wasikilizaji. Na pale juu ya masharubu, upande wa kushoto, ndani ya unyevu wa nanasi, pameketi kitu kidogo cheusi kikila kwa utulivu.

"Profesa," akasema Kaveke. "Nyamaza."

Enyi mnaonisikiliza! Mimi nimekuwa mwandishi wa mtu yule miaka kumi na miwili. Nimemwona akihutubia wakati mvua inatoboa paa, akihutubia makaburini, akihutubia mlinzi wa geti aliyekuwa amelala. Hakuna kiumbe aliyewahi kumwambia neno lile. Akaduwaa. Midomo ikabaki wazi kwenye neno "mageuzi", na sauti ikakatika.

"Usifunge mdomo. Usipumue kwa pua. Usicheke, usiguse, usimeze mate," akasema Kaveke taratibu, kama anayemtuliza ng'ombe anayekamuliwa. "Ananipenda nisipoharakisha."

Akainua kichupa, mdomo ukielekea chini, akakishusha juu ya masharubu hadi kikamfunika yule nzi bila kumgusa hata unywele. Akangoja. Maana nzi, akishtuka, hupanda juu, na atapanda mwenyewe. Lakini ukimsukuma utamponda. Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia tano, na mlangoni Mama Warigia alikuwa amesimama na kidole juu ya kopo. Jasho likamtoka Profesa. Pua yake ikaanza kutikisika. Nikaiona chafya ikija kutoka mbali, nikaona mabega yakipanda, macho yakijaa maji, na mtu yule, ambaye leo namheshimu kuliko jana, akaishika ile chafya kifuani mwake akaizuia kwa nguvu za kiume hadi shingo ikawa nyekundu.

Nzi akanyanyua mguu mmoja. Akausafisha. Kisha, bila wasiwasi wowote, akapanda ndani ya kichupa hadi juu kabisa.

Pamba ikaingia. Kengele ya saa tano ikalia. Profesa Ndegwa akapiga chafya iliyotikisa vikombe vya chai mezani.

"Umempata?" akauliza Mama Warigia.

"Nimempata, Mama."

"Basi tokeni nipulize dirisha, kabla hamjaniletea wengine."

Saa tano na nusu Kaveke alisimama mbele ya majeshi, na hotuba yake, aliyoikariri wiki nzima, aliisahau yote. Akasema tu alivyomwona, alivyomtunza, na alivyompata tena, na akageuza hadubini. Wakapita mmoja mmoja, maprofesa na madaktari, wakainama. Hakuna aliyesema ni mgonjwa. Wa mwisho kwenye foleni alikuwa Mama Warigia, amevua aproni. Akatazama muda mrefu kupita wote.

"Ai, kweli," akasema. "Ana macho kama chai yangu. Na ni mrembo, haki."

Wakamwuliza Kaveke amtungie jina. Profesa Ndegwa akakohoa kidogo na kupapasa masharubu, akikumbusha kwa unyenyekevu ni nani aliyempa nzi yule makao. Kaveke akafikiri, akatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile, akasema nzi wake ataitwa Nyamaza. Ukumbi ukalipuka kwa makofi, na mwenyekiti, nampa haki yake, alicheka hadi akakaa chini.

Hivyo ndivyo vita vya Kamakis vilivyokwisha, na ushindi ulikuwa na urefu wa milimita mbili na nusu. Ziandikwe siku za wafalme mahali pengine. Siku hii niliiandika mimi. Nilifungua Kitabu cha Kongamano, na nilipokuwa nikitafuta ukurasa mtupu nikapita katika kurasa za miaka iliyotangulia. Kila mwaka nimeandika, kwa mkono wangu huu: "Nzi walitunzwa vizuri." Mara kumi na moja. Sikuwahi kuandika na nani.

Nikamwita Kaveke, tena nikiona aibu, nikamwomba anitajie majina yake yote. Akasimama kando ya bega langu, akayataja polepole, nami nikayaandika kwa herufi kubwa, nikapiga mstari chini, nikapuliza wino ukauke. Akayasoma mara mbili, akajifuta macho kwa mkono wa sweta.

"Haya," akasema. "Sasa njoo unisaidie kuosha vichupa."

Nikaenda, nikaviosha vyote.