Tamko Langu Upande wa Pili

Jumatatu, 2 Novemba 1981

Sheffield inanyesha. Vizuri. Muziki wetu unahitaji mvua.

Leo tumeanza kurekodi albamu ya kwanza ya Idara ya Ukungu, bendi pekee ya muziki wa Wimbi Jipya kaskazini mwa Uingereza yenye fikra. Fikra ni zangu. Gavin anaimba na ana mifupa ya mashavu ya kupigiwa picha. Yvonne anapiga gitaa kama anayekwangua masizi ya sufuria, na ndivyo inavyotakiwa. Ngoma anapiga Doris, ambaye ni mashine. Mpiga ngoma wa damu na nyama tulimfukuza Agosti kwa kosa la kutabasamu jukwaani.

Mimi ni kinanda cha umeme. Lakini kinanda ni kisingizio tu. Nilichozaliwa kufanya ni Tamko: dakika tisa za maneno yangu, bila kuimba, juu ya noti moja ya kinanda, kuhusu mashine, kazi na mapazia ya watu wenye nafasi. Litafunga upande wa pili wa santuri. Msikilizaji atainuka kitini akiwa mtu mwingine.

Gavin amesema atainuka kweli, kwenda kuzima. Kisha akaniita mzee. Mzee! Nina miaka ishirini na saba. Nimekuwa nayo tangu 1969.

Maureen, fundi wetu wa sauti, hurekodi huku akifuma sweta. Ametuambia santuri si gunia: ukijaza dakika nyingi upande mmoja, michirizi ya kupita sindano inabanana na sauti inakonda. Upande wa pili umeshajaa nyimbo za Gavin. Tutapiga kura Jumapili.

Ubepari! Hata juu ya kipande cha plastiki wameshajenga uzio.

Jumanne, 3 Novemba

Hila ya kwanza. Rahisi, safi.

Nikamvuta Gavin pembeni, karibu na birika la chai. Nikamwambia kwa huzuni kwamba wimbo mrefu umekufa. Ni uozo wa zamani, wa zile bendi za nywele ndefu na majoho. Msanii wa leo husema neno lake akaondoka. Hesabu yangu: akikata kila wimbo kidogo tu, Tamko linapata nyumba.

Akanisikiliza kwa makini. Akasema mzee, leo umenifungua macho. Akarudi ndani, akatangaza msimamo mpya wa bendi: chochote kirefu kikatwe. Akaanza na Tamko. Sasa lina dakika nne.

Nyimbo zake hakuzigusa. Alisema hizo si ndefu, zina kina.

Alhamisi, 5 Novemba

Hila ya pili: wagawe uwatawale. Waingereza tuna uzoefu.

Nikamnong'oneza Yvonne kwamba Gavin analiita gitaa lake mbuzi anayevuliwa sweta. Nilitazamia hasira, halafu kura. Yvonne akacheka mpaka akashika ukuta. Akamwita Gavin: "Eti hili la mbuzi ni lako au la babu?" Babu ndiye mimi. Gavin akasema sentensi nzuri kiasi hicho angeikumbuka. Wakashikana mikono. Kumbe wanapendana! Tangu Septemba! Hakuna anayeniambia kitu katika bendi hii.

Jioni nikaingia chumba cha kurekodia kusoma Tamko. Kanda imeshaanza kuzunguka, nimevuta pumzi ya kihistoria, mara mji mzima ukalipuka. Fataki. Nilikuwa nimesahau kabisa ni tarehe tano, usiku wetu wa mioto na fataki wa kila mwaka! Paa! Nikapiga kelele kwamba wangoje, bado sijaanza. Pa-paa! Nikaendelea kwa ushujaa. Sentensi yangu juu ya utumwa wa saa ya ukutani ilimezwa na roketi ya mtoto wa jirani.

Yvonne alisema roketi ndiyo iliyomgusa.

Mama alikuwa amenifungia keki ya tangawizi. Wameila bila mimi.

Ijumaa, 6 Novemba

Hila ya tatu. Nashangaa kwa nini sikuanza nayo.

Wote walipotoka kununua pai, nilibaki na Doris. Ana kirungu kidogo cha kuzungusha, kinachopanga kasi ya mapigo. Nikakisogeza kulia unywele mmoja tu. Tuliporudia nyimbo zote za upande wa pili, kila moja ikaisha mapema. Hakuna aliyejua! Nafasi inafunguka kama mlango wa benki! Nikasogeza tena unywele.

Yvonne akaanza kutikisa mguu. Gavin akaimba kama mtu aliyechelewa basi, na kwa mara ya kwanza akasikika kama ana jambo la kusema. Maureen aliweka sindano za kufumia chini. Akasema, "Jamani, hili litachezwa kila ukumbi."

Moyoni nikapiga vigelegele. Nikauliza kwa upole kama sasa upande wa pili una nafasi. Maureen akasema ipo, tena ya kutosha.

Gavin akasema hayo ni majaliwa, kwa sababu ana wimbo mwingine. Unahusu mifupa yake ya mashavu.

Jumapili, 8 Novemba

Kura. Gavin na Yvonne dhidi ya Tamko. Mimi upande wa Tamko. Nikadai Doris ana haki ya kura kama mfanyakazi mwingine yeyote. Yvonne akabonyeza kitufe, Doris akalia ta, ta, ta. Gavin akatafsiri kuwa ni hapana, hapana, hapana.

Nikakaa ngazini. Nakiri macho yalilowa. Maisha yangu yote nimeandika matamko na hakuna hata moja lililotoka nje ya chumba changu kwa Mama.

Maureen akaja na kikombe cha chai. Akasema, "Roland mpenzi, usilie, wanja utakuchuruzika." Akaniambia kuna mahali pamoja hapajatumika. Mwisho kabisa wa santuri, karibu na lebo, mchirizi wa mwisho unaweza kufungwa uwe duara. Sindano ikifika pale haitoki. Inazunguka na kurudia sauti ileile milele, mpaka mtu aje kuinyanyua.

Milele!

Nikamkumbatia, nikamwagia sweta chai. Gavin ana dakika zake, mimi nina umilele! Maureen akaanza kueleza kwamba duara moja hubeba maneno machache mno, kwa hiyo nichague yapi. Mambo ya ufundi. Nikamwambia achukue kanda ya Alhamisi, aanze mwanzo kabisa. Nikakimbilia basi.

Jumamosi, 12 Desemba

Theluji. Santuri imefika!

Nikavaa koti refu jeusi. Nikaweka upande wa pili kwenye gramafoni chumbani kwangu. Nikavumilia nyimbo za Gavin, pamoja na ile ya mashavu. Kimya. Mkwaruzo. Kisha sauti yangu, wazi, kali, bila fataki hata moja:

"Ngojeni, bado sijaanza! Ngojeni, bado sijaanza! Ngojeni, bado sijaanza!"

Nimesikiliza kwa saa nzima, nikitazamia iendelee.

Gavin amepiga simu, hawezi kusema kwa kicheko. Gazeti moja la muziki limeandika kwamba hiyo ndiyo sekunde pekee ya kweli katika albamu nzima. Sekunde! Mwandishi hakuhesabu. Nimehesabu mimi: hakuna wimbo duniani mrefu kuliko wangu. Nimewashinda wote.

Albamu ya pili nimeshaipanga. Tamko Kuu, pande zote mbili. Naanza na kirungu cha Doris, halafu namnong'oneza Yvonne jambo fulani.

Gramafoni bado inazunguka ninapoandika. Chini, Mama amegonga dari kwa mpini wa ufagio. Anapaza sauti: "Basi si uanze, Roland!"

Nimemwambia angoje.